Ukibakwa, hospitali kwanza, kikao cha familia baadaye

Nimebakwa, naanzia wapi?
Hospitali. Sio kwa mjumbe, sio kwa shangazi, sio kusubiri baba arudi safari. Hospitali, leo hii.

Mbona haraka hivyo?
Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, na ukianza mapema ndo vizuri zaidi, halafu unameza siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho siku 5. Sasa tunacholetewa kila mara ni binti wa siku ya nne, ya tano, ukiuliza mlikuwa wapi unaambiwa "tulikuwa tunayajenga kifamilia". Jamani! Virusi havisubiri kikao.

Nimeshaoga, nije?
Njoo. Kama hujaoga usioge kwanza, usifue nguo, ziweke kwenye bahasha ya kaki maana ndani ya nailoni zinapata unyevu na ushahidi unaharibika. Ila hata kama umeshaoga na kufua, njoo.

Sina PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, si watanirudisha?
Matibabu ya dharura hayasubiri karatasi. Kwenye vituo vya mkono kwa mkono, kama kile cha hospitali ya Amana pale Ilala, Dar es Salaam, nesi, daktari, ustawi wa jamii na polisi wako sehemu moja, kwahiyo huzungushwi na PF3 unaipatia hapohapo.

Mtaa mzima si utajua?
Hapana. Unaongea kwenye chumba kilichofungwa na faili lako halisomwi na kila mtu. Polisi nako kuna Dawati la Jinsia na Watoto, usijieleze kaunta mbele za watu, sema tu "naomba dawati la jinsia" na kama unataka askari wa kike mwombe. Hujawa tayari kushtaki? Kama ni mtu mzima, tibiwa kwanza, la polisi utaamua ukitulia.

Na mtoto je?
Mtoto ni lazima itolewe taarifa, hakuna kuficha. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, hata jirani anaweza kupiga. Na mama, nakuomba sana, usipokee hela ya mjomba aliyefanya huo unyama ili "yaishe", kubaka ni jinai, kesi ni ya Jamhuri na sio ya ukoo wenu, kifungo chake kinaanzia miaka 30.

Mwanaume naye anahudumiwa?
Ndio, dawa zilezile na usiri uleule.

Masaa 72 yameshapita, nikae tu?
Usikae. PEP imekupita kweli, lakini kuna kupima mimba, kutibu magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B, mtu wa kuongea naye, na kipimo cha VVU kinarudiwa baada ya miezi mitatu. Usiongeze hata siku moja nyingine, njoo hivyohivyo ulivyo.