Kumsamehe mkosaji siyo kumlinda mtoto

Mtoto akidhuriwa na mtumishi wa kanisa, halichelewi kusikika neno hili: "Tumeshalimaliza kikanisa." Yaani mhusika kaitwa mbele ya wazee, kalia, kaombewa, kasamehewa. Halafu hilo linaitwa ulinzi wa mtoto.

Ulinzi wa watoto na watu wazima walio hatarini ni utaratibu wa kuzuia madhara, na yakitokea, kuyapeleka kwa mamlaka. Mtu mzima aliye hatarini si lazima awe mlemavu. Mgonjwa aliyelala wiki nzima kwenye kambi ya maombi, akila na kulala kwa hisani ya mchungaji, atamkatalia nini mchungaji huyo?

Toba ni ya mkosaji na Mungu wake. Ulinzi ni wa aliyeumizwa, na wa watoto ambao mkosaji bado hajawafikia. John Smyth, wakili Mwingereza, aliwachapa kikatili vijana aliowapata kupitia kambi za Kikristo. Mwaka 1982 mchungaji mmoja aliandika ripoti ya siri kuhusu vipigo hivyo, polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akafungua kambi zake, na vijana wakachapwa tena. Alifariki 2018 bila kutiwa hatiani. Kashfa hiyo ndiyo iliyomfanya Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Anglikana, atangaze kujiuzulu Novemba 2024. Nchini Uingereza walilimaliza wenyewe kwa wenyewe, watoto wa Zimbabwe wakalipa.

Wakatoliki watataja siri ya kitubio, yaani ya maungamo kwa padre. Ni kweli, padre haruhusiwi kuivunja. Lakini maongezi ofisini kwa paroko, au kikao cha jumuiya, si kitubio.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Haisemi asubiri wazee wapige kura. Na kusubiri kuna hasara yake: wakati kikao cha pili kinafunguliwa kwa sala, mtoto ameshaogeshwa, nguo zimeshafuliwa, na huenda daktari hana tena cha kuonyesha.

Basi ndugu zangu wazee wa kanisa, msameheni mkosaji kama mioyo yenu imeridhia. Ila darasa la watoto asilirudie, na kabla hamjaketi, mtoto awe ameshafikishwa hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.