Kwa nini kidonge kilichosinyaza uvimbe wa mapafu huja kushindwa?

Je, wajua kwamba mtu mwenye saratani ya mapafu ya hatua ya 4, yaani iliyokwisha kusambaa, anaweza kumeza kidonge kimoja asubuhi, akaenda kazini? Si kila mgonjwa. Huyu seli za uvimbe wake zina hitilafu katika jeni iitwayo EGFR, ambayo huonekana sana kwa watu wasiowahi kuvuta sigara. EGFR ni kama swichi ya kuamuru seli zizaliane. Ikiharibika, hubaki imewaka usiku na mchana. Gefitinibu na erlotinibu, dawa za mwanzo, hukaa kwenye tundu la swichi hiyo na kuizima.

Uvimbe husinyaa, kikohozi hupungua. Kisha, mara nyingi baada ya mwaka hivi, picha ya CT huonyesha unakua tena. Hapo ndugu huanza kuuliza alikula nini, aliruka dozi lini. Jamani, msimwongezee mzigo: hata aliyemeza kila siku bila kukosa, uvimbe wake hukua tena.

Seli za uvimbe ni nyingi mno na hazifanani. Dawa ikiua zinazoiogopa, chache zisizoisikia hubaki na shamba lote peke yao. Kwa takriban nusu ya waliotumia dawa za mwanzo, siri huwa ni badiliko liitwalo T790M: kwenye nafasi ya 790 ya protini ya EGFR, kijenzi kiitwacho threonini kimetoka, kingine kiitwacho methionini kimeingia. Ni herufi moja tu ya DNA, lakini dawa haikai tena vizuri.

Ndipo ikaja osimertinibu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2015. Hiyo hung'ang'ania nafasi ya 797 ya protini hiyo isibanduke, tena hufika hadi kwenye ubongo, ambako saratani hii hupenda kuhamia. Katika utafiti wa FLAURA, uliolinganisha osimertinibu na dawa za mwanzo, nusu ya walioanza nayo walipita miezi 18 ugonjwa haujasonga. Kwa dawa za mwanzo ilikuwa miezi 10. Hata hivyo seli nyingine hubadilisha hiyo 797 nayo, au huiacha EGFR na kutumia njia ya jeni nyingine, iitwayo MET.

Kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha kila baada ya miezi michache, na ugonjwa ukisonga hupimwa jeni upya, kwa kipande kidogo cha uvimbe au kwa damu. Kwa wengi, siku za kungoja majibu huuma kuliko madhara ya dawa: vipele, kuhara na kucha zilizovimba pembeni. Madhara hayo yakizidi, asiache dawa kimyakimya: daktari anaweza kushusha dozi ya osimertinibu kutoka miligramu 80 hadi 40.