Usimamizi wa TEHAMA kwa mkataba ni nini, na mwenye biashara ndogo Dodoma ananunua nini hasa

Biashara nyingi ndogo hapa Dodoma zinamjua fundi kompyuta kwa njia moja: anapigiwa simu kitu kikishaharibika. Printa imegoma, anakuja. Laptop imejaa virusi, anaibeba, anaipiga Windows upya, kesho yake anairudisha, analipwa, mnaagana mpaka itakapoharibika tena. Usimamizi wa TEHAMA kwa mkataba ni mpango mwingine. Kampuni, au mtaalamu mmoja aliyesajili shughuli yake, anakubali kwa maandishi kuzitunza kompyuta zako, mtandao wa ofisi, barua pepe na kumbukumbu za biashara muda wote, ziharibike zisiharibike, nawe unamlipa ada ileile kila mwezi.

Ukisikia hivyo utadhani ni ufundi uleule uliowekewa malipo ya mwezi. Tofauti yenyewe iko kwenye njia inayopita pesa. Fundi wa kuitwa hupata riziki siku mashine yako inapokufa. Simlaumu hata kidogo, ndivyo kazi yake ilivyo, na mji huu una mafundi hodari na waaminifu. Lakini hakuna anayemlipa kwa hitilafu ambayo haikutokea, kwa hiyo hana sababu ya kupita dukani kwako Jumanne tulivu kuangalia kama diski inakaribia kujaa. Aliye kwenye mkataba ameshalipwa. Kila anapofunga safari kuja kwako anatumia mafuta yake na saa zake. Siku ambazo hujampigia simu ndizo zenye faida kwake, na kwako pia. Kwa hiyo anayekuja kukuuzia huduma hii muulize swali hili kabla ya bei: mwezi ambao hakuna kilichoharibika, utakuwa unafanya nini? Akibabaika, ujue anataka ada ya mwezi ili aendelee kusubiri simu kama zamani.

Majibu ya kweli yapo. Kwenye kila kompyuta huwekwa programu ndogo inayomtumia msimamizi taarifa: nafasi iliyobaki kwenye diski, joto la mashine, kama antivairasi iko hai, kama masasisho yameingia. Hayo masasisho yanapuuzwa sana, pengine kwa kuwa yanakula bando. Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu moja ndani ya Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lilelile na kufunga mafaili katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo. Dawa ilikuwepo tayari, ila wengi walikuwa hawajaiweka. Hatari ya aina hiyo ipo leo kwenye meza nyingi za mjini hapa, maana Microsoft walisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyoandikishwa kwenye nyongeza ya muda haipati tena masasisho ya usalama. Msimamizi anayejua kazi hangoji umuulize. Anakuletea orodha: hizi zinaweza kupandishwa kwenda Windows 11, hizi ni za zamani mno, anza kutenga fedha.

Kisha kuna mambo ya Dodoma yenyewe. Kiangazi chetu ni kirefu, mvua zikikatika Aprili ndiyo hadi Novemba au Desemba, na upepo wa katikati ya mwaka unaingiza vumbi kwenye feni za kompyuta hata madirisha yakiwa yamefungwa. Feni ikiziba mashine inachemka, inazima yenyewe, na watu wanasema ina virusi. Kupuliza vumbi kila baada ya miezi michache ni kazi ndogo, lakini iandikwe kwenye mkataba waziwazi, kwa sababu mtu aliyezoea ofisi zenye viyoyozi hataikumbuka. Na UPS vilevile, kile kifaa kinachoishikilia kompyuta kwa muda umeme ukikatika: betri yake huchakaa baada ya miaka michache, na kama hakuna anayeipima utaligundua hilo umeme ukikatika katikati ya hesabu za mwisho wa mwezi.

Sehemu ambayo ningeomba msomaji aisome polepole ni ya nakala rudufu. Chukua duka la dawa la jumla maeneo ya Majengo. Madeni ya wateja, bei za kununulia, tarehe za dawa kuisha muda, vyote viko kwenye kompyuta moja chini ya kaunta. Mwenye duka atakwambia ana bakapu, na kweli anayo, kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Mwizi akibeba kompyuta ameondoka na flashi. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kinafunga na yaliyomo kwenye flashi. Kanuni wanayoifuata wataalamu ni kuwa na nakala tatu za data, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo. Hiyo ya nje siku hizi kwa kawaida hupandishwa kwenye wingu, yaani hifadhi ya mbali inayofikiwa kwa intaneti, wakati wa usiku. Data za mauzo za duka moja si nyingi, hata intaneti ya simu inazibeba.

Hata hivyo, nakala ambayo hakuna aliyewahi kuirejesha haitegemeki. Programu inaweza kuandika kila usiku kwamba kazi imekamilika kumbe inanakili folda tupu, kwa sababu mfanyakazi alihamisha mafaili ya mauzo kwenda sehemu nyingine na hakumwambia mtu. Kwa hiyo mkataba useme kwamba kila baada ya miezi mitatu msimamizi atashusha nakala ya kwenye wingu, ataifungua kwenye kompyuta nyingine mwenye duka akiwepo, na mwenye duka atataja mteja mmoja anayedaiwa na kulitafuta deni lake humo. Deni likionekana, nakala ipo. Muamue pia mnakubali kupoteza kazi ya muda gani. Duka linalonakili usiku tu limekubali kwamba, mambo yakiharibika jioni, mauzo ya siku nzima yanaweza kupotea. Mwenye steshenari anaweza kuishi na hilo. Muuzaji wa jumla anayekopesha wateja thelathini kwa siku hawezi, na anahitaji nakala ya kila saa hata kama ada itapanda.

Kuhusu muda, kuna ahadi zinazosikika vizuri kuliko zilivyo. Kampuni ikiandika kwamba itajibu ndani ya saa moja, maana yake kuna mtu atapokea taarifa yako ndani ya saa moja. Mashine itapona lini, haijasema. Dai muda wa kurejesha huduma uandikwe pia, kwa kufuata uzito wa tatizo. Printa moja kati ya tatu inaweza kusubiri kesho, mfumo wa mauzo hauwezi. Zipige hesabu na asilimia wanazozitaja. Mwezi wa siku 30 una saa 720, kwa hiyo mfumo ulioahidiwa kupatikana kwa asilimia 99 unaruhusiwa kulala saa saba na dakika 12 kila mwezi na ahadi ikabaki imetimizwa. Kwa asilimia 99.9 ni dakika 43.

Saa hizo zina uzito wa pekee hapa kwetu. Tangu wizara zihamie na Mji wa Serikali uanze kujengwa Mtumba, wafanyabiashara wengi wadogo wanaishi kwa zabuni: wa samani, wa chakula cha mikutano, wa vifaa vya ofisi. Zabuni za umma sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, na saa ya kufunga ikifika mfumo unafunga. Haumsubiri mtu ambaye laptop yake imegoma saa nne asubuhi. Kwa mzabuni wa namna hiyo ningeweka kwenye mkataba kompyuta ya akiba, iliyokwisha kuwekewa kila kitu, ikae kabatini tayari. Ni gharama kweli, ila ilinganishwe na zabuni moja iliyokosekana.

Kazi nyingi za huduma hii hufanywa kwa mbali, msimamizi akiingia kwenye kompyuta yako kupitia intaneti, kwa hiyo kampuni ya Dar es Salaam inaweza kukuhudumia vizuri kabisa. Lakini ruta iliyoungua haitengenezwi kwa mbali. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari, bado ni safari. Uliza ni nani aliyeko Dodoma, mwenye bisibisi mkononi, atakayefika dukani. Wahitimu wa CIVE, ndaki ya TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wanaiweza kazi hii, na kampuni ya mbali iliyojipanga itakuwa na mmoja wao hapa.

Yapo yasiyo ya msimamizi, na ni vizuri yakaandikwa ili msigombane. Mashine ya EFD hushughulikiwa na wakala aliyeidhinishwa na TRA. Msimamizi wako anaweza kumpigia simu wakala kwa niaba yako, basi. Umeme ni wa TANESCO. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ikasumbua karibu Afrika Mashariki yote, hakuna fundi wa Dodoma ambaye angeziunganisha. Alichoweza kufanya msimamizi ni kuwa ameshapanga mapema mfumo wa mauzo uendelee kuandika bila intaneti.

Sasa hatari yake, maana ipo na ni kubwa. Unampa mtu wa nje uwezo wa kuingia kwenye kila kompyuta yako wakati wowote, ni sawa na kumwachia funguo za duka usiku. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu walipenya kupitia programu ya usimamizi ya kampuni ya Kaseya ya Marekani, ambayo kampuni nyingi za TEHAMA ziliitumia kuhudumia wateja wao. Kwa mlango huo mmoja zikaathirika biashara kati ya 800 na 1,500, nyingi zikiwa ndogo. Huko Sweden maduka ya Coop yapatayo 800 yalifungwa kwa sababu mashine za malipo zilikataa kufanya kazi. Wenye maduka hawakuwa wamekosea lolote. Kwa hiyo uliza wasimamizi wenyewe wanaingiaje kwenye kompyuta zako: kila mmoja awe na akaunti yake, nywila pekee isitoshe bali idaiwe na namba ya uthibitisho kwenye simu, na kila kuingia kuandikwe. Mtu akikupigia simu ghafla akisema anatoka kwa msimamizi wako, akataka ufungue AnyDesk, programu ya kuingilia kompyuta kwa mbali, na umsomee namba, kata simu na umpigie msimamizi kwa namba uliyonayo.

Jambo jingine hapo ni umiliki. Nywila kuu za mfumo, akaunti ya wingu, jina la tovuti la .co.tz, leseni za programu, vyote viandikishwe kwa jina la biashara yako na barua pepe ya biashara yako, na nakala ya nywila kuu ikae kwako kwenye bahasha iliyofungwa. Msimamizi anatumia tu. Vikiwa kwa jina lake, siku mkikosana utajikuta unajadiliana naye bei ya tovuti yako mwenyewe. Na kama kompyuta zako zina taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe uliyezikusanya na inamhusu yeye anayezishughulikia kwa niaba yako. Wajibu wake wa kuzitunza uingie kwenye mkataba, pamoja na namna atakavyozirudisha na kuzifuta mkataba ukiisha.

Ada hupangwa kwa idadi ya kompyuta, au kwa idadi ya watumiaji, au kwa jumla moja. Kwa biashara ndogo napendelea idadi ya kompyuta, kwa sababu mwenye duka anaweza kuzihesabu mwenyewe. Kuijua kama ada inafaa, anza na hasara. Tuseme mauzo yako ni shilingi 900,000 kwa siku ya saa tisa na faida yako ni asilimia 15: kila saa unayoshindwa kuuza inakupotezea shilingi 15,000 za faida, kabla hujamhesabu mteja aliyekwenda kwa jirani na akabaki huko. Hesabu saa zilizopotea mwaka uliopita, zizidishe kwa hasara ya saa moja, jumlisha ulichowalipa mafundi, gawanya kwa 12. Ada ikiwa mara tatu ya jibu, jadilianeni upya au kata baadhi ya huduma. Dai risiti ya EFD kila mwezi, hiyo ni gharama halali ya biashara na utaihitaji kwenye hesabu za kodi.

Mwenye kompyuta moja ya kuchapia na kutoa fotokopi hahitaji huduma hii. Fundi wa kuitwa, antivairasi iliyo hai na nakala kwenye wingu vinamtosha. Ugumu uko kwa walio katikati, wenye kompyuta mbili tatu, wadogo mno kwa kampuni kuwashughulikia kwa bei nzuri. Maduka manne au matano ya jengo moja yanaweza kuchukua mkataba pamoja, yakagawana ada na ziara za msimamizi. Ila kila duka liwe na mkataba uliosainiwa kwa jina lake, akaunti zake na nakala zake peke yake, ili mmoja akihama asiache data zake nyuma wala asiondoke na za jirani.