Steringi hauawi? Dhana potofu kuhusu Il grande silenzio

Aliyekulia kwenye mabanda ya video anajua kwamba steringi hauawi. Filamu ya kauboi ya mwongozaji Mwitaliano Sergio Corbucci, Il grande silenzio ya mwaka 1968, inaivunja imani hiyo bila huruma. Silence, bubu mwenye bastola aina ya Mauser aliyeigizwa na Mfaransa Jean-Louis Trintignant, anauawa na Loco (Klaus Kinski), anayewinda watu wanaosakwa ili alipwe. Pauline, mjane mweusi anayempenda, anauawa pia, pamoja na watu waliokimbilia milimani kwa njaa. Loco anaondoka salama, na sheria iko upande wake, kwa kuwa zawadi ya fedha ilishatangazwa kwa atakayewaua watu hao.

Kuna wanaodai kwamba mwisho huo ni wa toleo lililokatwa, na kwamba ule wa furaha ndio halisi. Sivyo. Corbucci alikusudia kifo. Mwisho wa pili, ambamo sherifu, yaani mkuu wa polisi aliyedhaniwa amekufa, anarudi akiwa hai na kumwokoa Silence, ulipigwa ili kuwaridhisha wafanyabiashara wa filamu. Kwangu unaharibu kila kitu kilichojengwa kabla yake, lakini mkusanyaji makini hakubali diski isiyo nao, kwa sababu unaonyesha jinsi soko lilivyomshinikiza msanii.

Wanaodhani kauboi ni jangwa na jua kali nao watashangaa. Hadithi inatokea Utah, Marekani, mwaka 1898, katika theluji inayofika magotini mwa farasi. Sehemu kubwa ilipigwa Cortina d'Ampezzo, kaskazini mwa Italia. Kwenye studio ya Elios, Roma, povu la kunyolea lilitumika kama theluji.

Kosa jingine ni kukataa sauti za Kiingereza kwa hoja kwamba za Kiitalia ndizo asili. Filamu za Italia za wakati huo ziliingiziwa sauti baada ya kupigwa, za Kiitalia zikiwemo. Chagua unayoisikiliza vizuri. Muziki wa Ennio Morricone ni uleule.

Je, nakala kongwe ndiyo bora? Bango au santuri ya zamani ina thamani yake. Kwa kutazama, tafuta toleo lililokarabatiwa ambalo mwaka 2018 liliingia kumbi za Marekani, miaka 50 baada ya filamu kutengenezwa: weupe wa theluji hauwezi kuonekana kwenye kanda iliyonakiliwa mara kumi.