Paa la motohomu baada ya mvua ya mawe: picha ambazo bima wanazihitaji

Kazi yangu ni kupiga picha za droni za mapaa ya motohomu, yaani magari yenye makazi ndani yake, ili wenye magari wadai fidia ya bima. Mteja akinipigia simu baada ya mvua ya mawe, jambo la kwanza ninalomwomba ni asipande juu ya gari. Paa la motohomu si zege. Mengi yamefunikwa kwa utando mwembamba wa mpira uitwao EPDM, au wa plastiki uitwao TPO, uliobandikwa juu ya plaiwudi. Maji yakishapenya, plaiwudi hulainika, na mguu waweza kutoboa pale ambapo mawe hayakutoboa. Baada ya hapo nani atawaeleza watu wa bima tundu lipi ni la mvua?

Ninafanya kazi hii jimbo la Colorado, Marekani, ambako mawe hayana mchezo. Yale ya Mei 8, 2017, mjini Denver, yaligharimu kampuni za bima zaidi ya dola bilioni 2. Droni yangu ina gramu 249, na wengi hudhani uzito huo unawafungulia milango yote. Ukirusha kwa kujifurahisha, droni isiyofika gramu 250 haihitaji kusajiliwa. Ukirusha kwa kazi, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inataka uwe na cheti cha rubani cha Part 107, yaani kanuni za droni za kazi, na droni isajiliwe, hata iwe nyepesi kama unyoya. Gari likiwa ndani ya hifadhi ya taifa, litoe kwanza. Huko kurusha bila kibali ni marufuku tangu 2014.

Miaka ya mwanzo nilimpelekea mkadiria hasara wa bima picha nyingi za karibu, kali kweli, na zote zikarudi. Hakujua ufa upi uko wapi, wala kama ni wa gari lile. Siku hizi naanza na gari zima, namba yake ikisomeka. Kisha napiga paa lote kutoka juu wima, halafu kipande kwa kipande, kila picha ikigusa sehemu ya iliyotangulia. Ndipo nashuka hadi mita 2 hivi. Kipimo nakipata kwenye paa lenyewe: tundu la hewa la motohomu za Marekani kwa kawaida hukatwa inchi 14 kwa 14, kwa hiyo namwomba mteja afungue mfuniko kutoka ndani, tundu linakuwa rula yangu.

Jua la saa sita huharibu kila kitu. Paa jeupe linang'aa, mibonyeo inapotea. Narusha asubuhi, jua likiwa chini, kila bonyeo likiwa na kivuli chake, na kamera naipunguzia mwanga kidogo.

Lakini swali lenyewe la bima ni hili: ni tukio la ghafla au ni uchakavu? Uchakavu kwa kawaida hawaulipi. Mawe huacha alama za mviringo zilizotawanyika ovyo; hupasua kava la plastiki la kiyoyozi na kulaza mapezi yake ya alumini. Uchakavu hufuata mistari: gundi ya kuzibia inakauka na kupasuka kwenye maungio, uchafu unajaa nyufani. EPDM nyingi ni nyeupe juu na nyeusi chini, kwa hiyo mchaniko mpya huonyesha weusi safi, na wa zamani huwa na vumbi kingoni.

Mteja mmoja aliniomba nifute picha ya ufa wa zamani. Nilikataa. Mkadiria akiuona mwenyewe, ataanza kuzitilia shaka hata alama za mawe, na hizo zilikuwa za kweli kabisa.

Faili natuma zile halisi, kamwe si picha za WhatsApp, kwani hupoteza saa na mahali zilipopigwa.

Droni haioni maji yaliyo chini ya utando. Nikishatua, naingia ndani na mita ya unyevu, nagusa dari kuzunguka kila tundu, na kila namba inayosoma naipiga picha, dari ikionekana.