Singo na albamu, usiseme ni ngoma ile ile kabla hujasikiza

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea santuri ya marehemu babu yake, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika inayoitwa singo, anataka nimtolee sauti aweke kwa simu. Nikiwa bado naipangusa vumbi akaniambia, "Anko, kama ni kazi nyingi wacha tu, hii ngoma iko kwa albamu na nimeipata mtandaoni." Nikamwambia keti hapo kwanza usikize.

Nikaweka upande A. Mwimbaji anamaliza ubeti, magita yanaanza kujibizana, mpiga gita la solo anapanda juu, miguu yenyewe inataka kucheza, halafu sauti inafifia, kwisha. Unainuka, unageuza sahani, sindano inashuka, na upande B unakupata magita yameshachemka. Kwa ile karatasi ya katikati ni jina la wimbo tu na Part 2. Nikamchezea sasa ile ya albamu iko kwa simu yake. Pale pa kugeuza hapakatiki, inaenda moja kwa moja, lakini bezi imekonda na yule solo amesukumwa nyuma utafikiri anapigia chumba cha pili. Kijana akanyamaza, halafu akasema, anko rudisha ile ya babu.

Miaka yote nimefanya hii kazi ya kuhamisha santuri hapa Nairobi, kitu huniuma ni watu kusema ati singo ni wimbo wa albamu uliokatwa tu. Sawa, kuna wakati ni hivyo kabisa. Light My Fire ya The Doors ya 1967, kwa albamu inapita dakika 7, kwa singo haifiki 3, juu walitoa karibu ile sehemu yote ya kinanda na gita katikati ndio redio ikubali kuicheza. Hapo ni makasi tu.

Lakini chukua Let It Be ya The Beatles, 1970. Singo ilitoka Machi, albamu ikatoka Mei, uimbaji na piano ni za siku ile ile ya Januari 1969, na bado ukifika kwa solo ya gita utasikia vitu viwili tofauti. Kwa singo, ambayo ilisimamiwa na prodyuza George Martin, gita ni pole, linaimba kama mtu anayejizuia. Kwa albamu prodyuza Phil Spector alitumia solo nyingine ambayo mpiga gita wao George Harrison aliirekodi baadaye, ni kali, inakwaruza, na ngoma pia zimepewa mwangwi. Mimi napenda ya singo, na nimeshabishana na watu hadi usiku juu ya hii. Na Love Me Do yao ya 1962 ukitaka kujua uko na gani, sikiza tambarini: ikiwa haipo, hiyo ni singo ya kwanza kutoka, Ringo Starr, mpiga ngoma wao, yuko kwa ngoma, ikiwepo ni ile ya albamu, ngoma anapiga Andy White, mpigaji wa kukodishwa, Ringo ameshika tambarini.

Sasa hiyo bezi kukonda, nieleze, juu hapa ndipo wengi hupotelea. Sauti kwa santuri ni mfereji, na bezi nzito inataka mfereji unaoyumba sana kushoto na kulia, yaani inataka nafasi. Sahani ya inchi 7, iliyoletwa na kampuni ya RCA Victor mwaka 1949, ikibeba dakika 3 ama 4 kila upande fundi anayechonga mifereji ako na nafasi ya kuachilia sauti itoke na nguvu zake. LP, ile santuri kubwa ya albamu ambayo kampuni ya Columbia waliitoa mwaka mmoja kabla, inabeba dakika kama 20 kila upande, kwa hivyo ukijaza nyimbo nyingi mifereji inabanana, na fundi hana budi kushusha sauti na kupunguza bezi isije mifereji ikagongana. Kwa hivyo hata kama tepu ya studio ni moja, zile sahani mbili hazitalia sawa.

Na hapa kwetu mambo yalikuwa yamegeuka. Kule Uingereza na Marekani mara nyingi wimbo mrefu wa albamu ndio ulifupishwa uwe singo, lakini bendi zetu za benga na rumba miaka ya sabini na themanini zilikuwa zinarekodi ngoma ndefu ya kucheza, inagawanywa pande mbili, na hizo singo ndizo zilikuwa zinauzwa River Road na kulia kwa baa na matatu. LP nyingi zilikuja baadaye kukusanya singo ambazo watu walishazipenda. Kwa hivyo ukitupa singo juu uko na albamu, unaweza kuwa umetupa mzazi ukabaki na mtoto.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, usianze na dakika. Panga faili mbili kwa kompyuta zianze kwa mpigo mmoja wa ngoma, kisha cheza hadi mwisho uone kama zinaachana, juu tepu ikienda kasi kidogo hata sauti ya mwimbaji hupanda. Sikiza mwisho: singo inafifia wapi, albamu inaenda hadi wapi, maana mara nyingi kuna neno ama kicheko ambacho kiko kwa moja tu. Kuna pia ile mbinu ya kupindua mawimbi ya faili moja juu chini halafu unacheza zote pamoja, kinachofanana kinamezana, kinachobaki ndio tofauti. Kwa faili safi za kidijitali inafanya kazi vizuri sana, kwa santuri usitegemee juu pleya hazizunguki kwa mwendo ule ule.

Ya yule kijana nilikuta fundi alirudia sekunde kadhaa, mwisho wa upande A ndio mwanzo wa upande B, kwa hivyo nikatafuta mpigo unaolingana nikaziunga hapo, hausikii kiungo. Nikampa faili mbili, moja iliyoungwa, na nyingine pande zikiwa mbali vile babu alizijua, na kile kimya cha kugeuza sahani nimekiacha.