Je, wajua kwa nini kuongeza ayodini hakuharakishi mmenyuko wake na asetoni?

Asetoni ni ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, yenye harufu kali, inayojulikana kwenye saluni za Dodoma mjini. Ikichanganywa na ayodini kidogo katika maji yenye asidi, rangi ya kahawia hufifia taratibu mpaka ikaisha. (Kinachozaliwa humo kinawasha macho vibaya, kwa hiyo ni kazi ya maabara.)

Ukiweka ayodini mara mbili, kasi nayo itakuwa mara mbili? Mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye haraka atasema ndiyo. Mlingano unaonyesha molekuli moja ya asetoni na moja ya ayodini, basi kila moja ipewe kipeo cha 1 kwenye fomula ya kasi. Jibu lina mantiki, ila si kweli. Ayodini ikiongezwa maradufu, kasi haitikisiki. Rangi inachukua tu muda mara mbili kuisha. Oda yake, yaani kipeo chake kwenye fomula hiyo, ni 0. Asetoni ikiongezwa maradufu, kasi inapanda maradufu: oda 1. Na asidi, ambayo kwenye mlingano haimo kabisa, nayo ni oda 1! Kanuni ya kasi inakuwa hivi, mabano yakiwa ni ukolezi (wingi wa kitu katika ujazo), H⁺ ni asidi, na k ni namba isiyobadilika katika jotoridi moja:

kasi = k[asetoni][H⁺]

Aliyeandikwa kwenye mlingano hayumo, asiyeandikwa yumo. Mlingano ni hesabu ya kilichoingia na kilichotoka; njia iliyopitwa hausemi. Namba zake hugeuka vipeo pale tu mmenyuko unapokwisha kwa hatua moja. Kwingine kote, vipeo hupatikana kwa kupima.

Chukua mashine za unga za Kibaigwa, kwenye soko la mahindi wilayani Kongwa. Anayetaka sembe, mahindi yake yanakobolewa kwanza, ndipo yasagwe. Tuseme mashine ya kukoboa inamaliza gunia moja wakati ya kusaga ingeweza kumeza matatu. Mwenye mashine akinunua ya pili ya kusaga, foleni iko pale pale. Zote mbili zitakaa zikingoja mahindi yaliyokobolewa. Unga utawahi akiongeza ya kukoboa.

Kwa asetoni, kukoboa ni pale asidi inapoisaidia molekuli kujipanga upya kuwa inoli, umbo jingine la asetoni. Hatua hiyo inasuasua. Inoli ikitokea tu, ayodini inaidaka. Mwanakemia Arthur Lapworth aliliona hili mwaka 1904 akitumia bromini, ambayo nayo wingi wake haukubadilisha kasi.

Hata hivyo, kanuni ya kasi peke yake haithibitishi njia. Njia mbili tofauti zaweza kuzaa kanuni moja. Inachoweza ni kuzikataa zisizolingana nayo. Na hiyo oda 0 ina mpaka: ayodini ikiwa kidogo mno, inoli hurudi kuwa asetoni kabla haijadakwa, na hapo ayodini nayo inaanza kuhesabiwa.